Sifa saba za mchumba niliyemtaka

Mwezi uliopita tulihama kutoka fleti ya ghorofa ya nne hadi nyumba nyingine palepale South B, Nairobi, na katika pilikapilika za kufunga mizigo daftari moja la zamani likaanguka kutoka kwenye boksi la vyombo. Ndani yake nilikuta ukurasa nilioupiga mistari kwa rula nilipokuwa na umri wa miaka 23. Nilikuwa nimeorodhesha, kwa hati ya kujitahidi, sifa za mwanamume ambaye ningekubali anioe. Zilikuwa saba. Awe mrefu kunizidi. Awe na kazi ya mshahara. Awe maji ya kunde. Awe na sauti nzito. Awe na mwili, asiwe mkondefu. Asinuke jasho. Na ya saba, niliyoipigia mstari mara mbili: asiwe mtoto wa Pumwani, mtaa niliokulia.

Mume wangu aliusoma ukurasa ule akiwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, akahesabu kwa vidole, akasema amepata alama tatu kati ya saba, na kwamba hata katika hizo tatu moja ni ya mkopo, kwa kuwa kazi ya mshahara aliipata mwaka mmoja baada ya harusi. Tulicheka, tukaendelea kubeba mizigo. Lakini kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada, na mhariri ana ugonjwa wa kuuliza kila dai limetoka wapi. Usiku ule, watoto wakiwa wamelala katikati ya maboksi, niliitazama tena orodha ile na kujiuliza ni nani hasa aliyeiandika. Mkono ulikuwa wangu, hilo sikatai. Je, yaliyoandikwa yalitoka katika damu yangu, au yalitoka kwa Bibi, kwa majirani, kwa picha za harusi zilizotundikwa ukutani sebuleni kwetu? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kidogokidogo juu ya jambo hili, na ninayoyaandika hapa ni yale yaliyonikaa.

Nitaanza na ndege, kwa sababu ndege huyo ni jirani yetu. Katika nyanda za Kinangop, kwenye baridi ya Nyandarua zinakotoka viazi na kabeji tunazonunua hapa Nairobi, anaishi ndege mmoja mweusi mwenye baka jekundu begani, ambaye dume lake huota mkia wa karibu nusu mita wakati wa kuzaliana. Anaporuka juu ya nyasi, mkia ule humfuata ukining'inia kama utepe uliolowa maji, na huhitaji kuwa mtaalamu wa ndege kujua kwamba ni mzigo. Jike ana rangi ya kahawia yenye madoadoa na mkia mfupi usio na makuu. Mtafiti wa Uswidi, Malte Andersson, aliwakamata madume 36 wa Kinangop, akawakata baadhi yao mikia ikabaki takriban sentimita 14, kisha akayachukua manyoya yaliyokatwa na kuyabandika kwa gundi kwenye mikia ya wengine, ikawa mirefu kuliko ile wanayoota wenyewe. Ili asije akadanganywa na gundi au na mkasi, wengine aliwakata na kuwarudishia mikia yao kwa urefu uleule, na wengine hakuwagusa mikia kabisa. Halafu akahesabu viota vipya katika eneo la kila dume. Waliorefushwa mikia ndio waliopata majike wengi zaidi, wakawashinda hata wale walioachwa kama walivyoumbwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1982.

Kinachonishangaza katika jaribio hilo ni kwamba jike alivutiwa na mkia ambao huenda hakuwahi kuuona maishani mwake. Hamu ilikuwamo ndani yake tayari, tena ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote ambacho nyika ya Kinangop ingeweza kuitosheleza. Charles Darwin alikuwa amelieleza wazo hili mwaka 1871, kwamba mapambo ya madume wengi yametokana na majike kuchagua, na wanaume wengi wasomi wa zama zake hawakulipenda hata kidogo wazo la kwamba jike anaweza kuwa na ladha, achilia mbali ladha iliyo na nguvu ya kulibadilisha umbo la dume kizazi baada ya kizazi.

Jike wa Kinangop, hata hivyo, hakufundwa na kungwi. Mimi nilifundwa, na hata kabla ya kufundwa rasmi nilikuwa nimesikia mengi barazani. Ndiyo maana sikuweza kuishia kwa ndege.

Sifa ya kwanza, urefu, ndiyo niliyodhani ni ya damu kabisa. Wanaume kwa wastani huwazidi wanawake urefu katika kila jamii iliyopimwa, na hilo ni suala la homoni na mifupa. Ukichukua wanaume mia na wanawake mia ukawaoza kwa kura, utapata ndoa nyingi zenye mume mrefu bila mtu yeyote kuchagua lolote. Swali ni kama watu huongeza kitu juu ya kura hiyo. Ulaya na Marekani huongeza, maana huko ndoa za mke mrefu ni chache kuliko zile ambazo kura ingeleta. Lakini Rebecca Sear na wenzake walipozichunguza ndoa za vijijini nchini Gambia, na baadaye yeye na Frank Marlowe walipowatazama Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hawakuiona nyongeza hiyo. Miongoni mwa Wahadzabe, katika takriban ndoa 8 kati ya kila 100 mke alimzidi mume urefu, kiasi kilekile ambacho ungekitarajia kama hakuna aliyejali. Hawa ni watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, ambao wengi hupenda kuwatolea mfano wa binadamu wa asili, na urefu wa mume hauwashughulishi.

Basi mimi sharti hilo la urefu nililipata wapi? Nadhani ninapajua mahali penyewe. Siku ya harusi yetu tulikwenda kupigwa picha Arboretum, kama wanavyofanya maharusi wengi wa Nairobi wasiokuwa na pesa za kukodi bustani. Mpiga picha alitutazama mara moja tu, kisha bila kuuliza akanivua viatu vyangu vya kisigino, akanisimamisha kwenye kijibonde katikati ya mizizi ya mti mkubwa, na akampandisha bwana harusi juu ya mzizi. Mama yangu aliyekuwa ameshika shela akaitikia kwa kichwa. Ukizitazama picha zile leo utaona mume anayenizidi kwa nusu ya uso, na kilichonizidi ni mzizi, maana mwenyewe ni mfupi kwangu kwa sentimita tatu. Picha kama hizo ndizo nilizokua nikizitazama ukutani, na sasa najiuliza ni ngapi kati yake zilikuwa na mzizi chini.

Sifa ya pili inahitaji muda zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta maneno makali mjini humu. Kila siku utasikia kijana analalamika kwamba wanawake wa Nairobi hawapendi mtu, wanapenda pochi. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, David Buss, alichapisha utafiti uliowahoji watu 10,047 kutoka nchi 33, na humo wanawake karibu kila mahali waliupa uwezo wa kipato uzito zaidi kuliko wanaume walivyoupa, nao wanaume wakaupa ujana na sura uzito zaidi kuliko wanawake. Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Zambia na Afrika Kusini; sisi hatukuulizwa. Jambo linalosahauliwa upesi ni kwamba pande zote mbili ziliweka wema, akili na tabia ya kutegemewa juu ya pochi na juu ya sura. Kijana wa malalamiko huchukua nusu ya kwanza ya matokeo akaiacha nusu ya pili mezani.

Kenya iliulizwa kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder alikaa na Wakipsigis wa kusini magharibi mwa nchi, akafuatilia ndoa zao kwa makini. Alipiga hesabu ya ekari ambazo kila mwanamume angeweza kumpa bibi harusi mpya, yaani shamba lake likigawanywa kati ya wake aliokuwa nao na yule ajaye, na akaona kwamba mwenye kipande kikubwa zaidi cha kutoa ndiye aliyepewa mke mapema, hata kama tayari alikuwa na mke mwingine nyumbani. Ukilisoma kwa haraka utasema ni tamaa. Lakini katika nyumba ambamo mwanamke atalima, atapika na kuwalisha watoto wake kutokana na kile kipande anachokabidhiwa, kuuliza ukubwa wa kipande ni sawa na kuuliza kama watoto watakula. Alice Eagly na Wendy Wood waliirudia takwimu ya Buss mwaka 1999 na kuonyesha kwamba pengo kati ya wanawake na wanaume juu ya kipato hupungua katika nchi ambako wanawake wamekaribia zaidi usawa na wanaume. Wapo waliopinga, na tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, ila mimi ninapoukumbuka mlango wa nyumba yetu ya Pumwani na mwenye nyumba akiugonga kila tarehe tano ya mwezi kwa ufunguo wake, sihitaji mtaalamu anieleze kwa nini msichana wa miaka 23 aliandika kazi ya mshahara katika nafasi ya pili. Baba alikuwa mtu wa vibarua. Mshahara, kwangu, ulikuwa na maana ya mlango usiogongwa.

Niongeze jambo dogo kuhusu mkia. Mwaka 1975 Amotz Zahavi, mtaalamu wa wanyama wa Israeli, alitoa hoja kwamba pambo huaminika kwa sababu ni ghali, maana dume dhaifu hawezi kuubeba mkia mzito akabaki hai. Nilihudhuria sherehe ya kupeleka mahari kule Kiambu ambako magari tisa yaliingia kwa msafara, yote yakiwa yameoshwa yakang'aa, na saba kati yake yalikuwa ya kukodi hadi saa kumi na mbili jioni. Ilipofika saa kumi na moja na nusu madereva walianza kutazama saa zao, wazee bado wakijadili mbuzi. Ardhi ya Mkipsigis haikodishwi kwa saa. Mji umetupa mikia ya gundi kwa wingi, na nadhani ndiyo sababu wanawake wa mjini wamekuwa wakaguzi hodari kuliko mama zao.

Kuhusu mwili, nilipoandika asiwe mkondefu sikuwa nikifikiria uzuri. Nilikuwa mtoto Pumwani katika miaka ya 1990, na mtu aliyekonda ghafla alitazamwa kwa pembe ya jicho. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, lakini sisi tulikuwa tumeshaanza kuzika muda mrefu kabla ya tangazo. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa akivaa suruali mbili ili aonekane amejaa. Bibi yangu, mtu wa Mombasa, alikuwa akimsifu mgeni kwa kumwambia "umenona, mashallah," na mgeni aliondoka amefurahi. Leo ukimwambia mpwa wangu amenona, atalia. Amezaliwa mjini humuhumu, damu ni ileile, umbali kati yake na Bibi ni vizazi vitatu tu.

Hata vizazi vitatu ni vingi. Mwaka 2006 Martin Tovée, Viren Swami na wenzao waliwaonyesha watu picha za wanawake wa uzito mbalimbali. Wazulu wa vijijini Afrika Kusini waliwapenda wanawake wenye miili mikubwa kuliko Waingereza walivyowapenda, lakini Wazulu waliokuwa wamehamia Uingereza walikuwa tayari wamesogea, wakawa katikati ya nchi waliyotoka na nchi waliyofikia. Watafiti haohao wawili waliwahi pia kusimama mlangoni mwa bwalo la chakula la chuo, wakagundua kwamba wanaume waliokuwa wakiingia na njaa waliwapenda zaidi wanawake wanene kuliko walivyowapenda wale waliokuwa wakitoka wameshiba. Yaani kile tunachokiita ladha yangu, tukakisema kwa kiapo, kinaweza kusogezwa na sahani ya chakula. Lakini tazama pia kwamba mwili wenyewe ndio unaosogeza: njaa ni ya tumboni, si ya utamaduni. Hapa ndipo nilipoacha kugawa orodha yangu katika safu mbili, ya damu na ya jamii. Nilikuwa nimeanza kuigawa kwa kalamu nyekundu na ya bluu, na kila sifa ikaishia kuwa na rangi zote mbili.

Kila sifa isipokuwa ya tatu. Juu ya maji ya kunde sina mengi ya kusema, na machache niliyo nayo yananiaibisha. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kwamba rangi fulani ya ngozi ni bora. Hilo nililisoma kwenye mabango, na kwa wanawake wa mtaani waliojichubua kwa krimu zenye zebaki, zile zilizopigwa marufuku nchini kwa sababu huharibu figo na ambazo bado hufichwa chini ya meza za maduka. Mume wangu ni mweusi wa kung'aa. Mstari ule niliufuta kwa wino mzito.

Juu ya sauti nako sina mengi, ila kwa sababu nyingine. Sauti ya mvulana hushuka wakati wa kubaleghe kwa kazi ya homoni, na miongoni mwa Wahadzabe, Coren Apicella na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wanaume wenye sauti nzito walikuwa na watoto wengi zaidi. Kama ipo sifa katika orodha yangu ambayo ningempa damu bila kubishana sana, ni hiyo. Mume wangu akiita boda kutoka dirishani, jirani wa ghorofa ya chini huitikia.

Jasho lilinipa burudani. Mwaka 1995 Claus Wedekind wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliwapa wanaume 44 fulana wazilalie usiku mbili, bila manukato, bila sabuni ya harufu, kisha akawapa wanawake 49 wazinuse. Kwa jumla walizipendelea fulana za wanaume ambao jeni zao za kinga, zile zinazousaidia mwili kutambua vimelea vya maradhi, zilikuwa tofauti na zao wenyewe. Kwa wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupanga uzazi mambo yaligeuka. Majaribio yaliyofuata yamekinzana, mengine yakiunga mkono na mengine yakitoka mikono mitupu, kwa hiyo silichukulii kama msahafu. Nililoliwaza ni kwamba jaribio lile lisingewezekana kwa Bibi. Katika nyumba yake nguo za Ijumaa ziliwekwa juu ya tenga, chini yake chetezo chenye makaa na udi, mpaka uzi wenyewe unywe moshi, na bibi harusi alisingwa na kuvishwa kikuba cha asumini na rehani hadi pua ya mtu ikapotea njia. Watu walioishi karne nyingi wakioana ndani ya mitaa michache ya mji mmoja walijenga ustadi mzima wa kuifunika harufu ya mwili. Sijui kama hayo mawili yanahusiana. Mume wangu hunuka jasho akipanda ngazi, na nimegundua kwamba akisafiri huwa silifui shati lake hadi arudi.

Ya saba, ile ya mstari mara mbili, ina kisa. Bibi alitaka niolewe na binamu yangu, mtoto wa mjomba, kijana mzuri asiye na kasoro. Kwa watu wa pwani hilo ni jambo la heri. Msemo unasema binamu, nyama ya hamu. Kwa rafiki zangu Waluo na Waluhya wa shuleni lilikuwa jambo la kutisha, maana wao huulizana ukoo wa baba na wa mama kabla hata ya kuulizana jina vizuri. Mimi sikuwa na hoja ya ukoo wala ya dini. Nilichokuwa nacho ni kwamba tuliogeshwa katika beseni moja, tukalala mkeka mmoja hadi tulipoanza shule, na nilipojaribu kumfikiria kama mume mwili wangu ulikataa, kwa upole lakini ulikataa. "Bibi, siwezi," nilimwambia. "Huwezi au hutaki?" aliniuliza, na nikakosa jibu.

Jibu lilikuwa limeandikwa tangu 1891. Edvard Westermarck, msomi wa Ufini, alidai kwamba watu waliolelewa pamoja kwa karibu tangu utotoni hawavutiwi kimapenzi wanapokua, hata wasipokuwa ndugu. Joseph Shepher alikuja kuzichunguza ndoa 2,769 za vijana waliolelewa katika vijiji vya ushirika vya Israeli, ambako watoto wa rika moja waliishi pamoja mchana na usiku, na ndoa kati ya waliolelewa chumba kimoja karibu hazikuwepo, ingawa hakuna aliyewakataza. Kule Taiwani, Arthur Wolf alifuatilia ndoa ambazo msichana alichukuliwa akiwa mdogo na kulelewa na familia ya mumewe mtarajiwa. Ndoa hizo zilivunjika zaidi na kuzaa watoto wachache zaidi. Nyumba za Kiswahili za Pumwani, zenye ukumbi mmoja katikati na vyumba sita pande zote na bafu moja nyuma, ziliwafanya watoto wa wapangaji wote kuwa kitu kimoja. Ningeolewaje na mtoto wa Pumwani? Karibu wote walikuwa ndugu zangu wa beseni. Bibi naye hakuwa amekosea: yeye na Babu walikuwa binamu pia, ila mmoja alilelewa Kisauni na mwingine Lamu, wakaonana watu wazima.

Cha ajabu ni kwamba mazoea hayohayo, yakianza ukubwani, hufanya kinyume. Nilipohamia South B kwa mara ya kwanza maji yalikuwa ya mgao, mara mbili kwa wiki, tena usiku, na bomba lililokuwa na nguvu lilikuwa moja tu, chini karibu na lango. Wapangaji tulipanga mitungi ya lita 20 kwa mstari, kila mtungi na kitambulisho chake cha utepe au rangi. Kulikuwa na kijana mmoja mfupi, mwembamba, mwenye mtungi wa njano uliofungwa kitambaa cha kitenge badala ya kifuniko. Kwa wiki nyingi hatukusemezana zaidi ya "habari ya usiku." Wiki ya kwanza nilimwona kama sehemu ya mstari. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikishuka ngazi nikitafuta kwa macho kile kitenge kabla sijatafuta mwisho wa mstari.

Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walifanya jambo linalofanana sana na mstari wetu wa maji. Waliwapeleka wanawake wanne wanaokaribiana kwa sura kuketi katika darasa la chuo kikuu, mmoja mara 15, mwingine mara 10, mwingine mara 5, na wa nne hakuhudhuria hata mara moja. Hawakuzungumza na mtu. Mwishoni mwa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, kadiri mwanamke alivyohudhuria zaidi ndivyo alivyoonekana kuvutia zaidi. Jicho hujifunza hata bila mwenyewe kujua kwamba linasoma. Wahadzabe wanatoa ushahidi mwingine wa hilo: picha za nyuso zilizochanganywa na kompyuta hadi zikawa za wastani huwavutia watu wengi, lakini Wahadzabe waliupenda uso wa wastani wa Kihadzabe tu, na uso wa wastani wa Kizungu haukuwavutia kuliko mwingine, kwa kuwa hawajawaona Wazungu wa kutosha kuujua wastani wao. Akili ya kuchanganya nyuso inaelekea tunazaliwa nayo, ila nyuso za kuchanganya inazipata mtaani.

Na ile orodha ya daftarini, ilikuwa na kazi gani? Paul Eastwick na Eli Finkel, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, waliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, wanataka nini kwa mchumba, kisha wakawakutanisha ana kwa ana kwa dakika chache chache. Wakiwa na kalamu, wanawake walitaja kipato zaidi na wanaume wakataja sura zaidi, kama ilivyo ada. Wakiwa wamekaa uso kwa uso, tofauti hiyo haikuonekana, na yale ambayo mtu alisema anayataka hayakusaidia kutabiri ni nani angempenda. Mimi sikushangaa, nilikuwa na mtungi mkononi.

Juzi Jumamosi mpwa wangu wa miaka 22, mtoto wa dada yangu, alikuja kutusaidia kupanga vyombo katika nyumba mpya. Alikuwa na programu ya kutafutia wachumba kwenye simu yake, akanionyesha jinsi unavyoweza kuweka urefu, na mtu aliye chini yake asikutokee kabisa. Alikuwa ameweka sentimita 180. Nilimpa daftari langu akasoma sifa zote saba, akacheka ile ya Pumwani hadi akakaa chini, kisha akaniuliza baba mdogo ana urefu gani. Nikamwambia: 164. Wakati huohuo mume wangu aliingia akiusukuma mlango kwa kiwiko, akiwa na mtungi kila mkono, maana nyumba mpya nayo ina mgao wake, akaiweka chini na kujipangusa uso kwa ukosi wa shati. Mpwa wangu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akanigeukia kama mtu aliyedanganywa.

"Lakini mama mdogo," alisema, "baba mdogo si mfupi."